WATOTO WACHANGA WANATUTAZAMA
Somo: Marko 2:1-12



Katika somo letu tunaona watu wanne wakimleta ndugu aliyepooza. Mmoja peke yake asingeweza kumpandisha juu ya nyumba. Kila mmoja alishika upande wake, lakini nia ilikuwa moja: mgonjwa afike mbele ya Yesu. Naye Bwana aliitazama imani ya kundi zima.

Sisi wazazi tumezoea kusema, "Huyu bado mchanga, haelewi kitu." Tujihadhari! Mwaka 2011 wataalamu wawili, Annette Henderson na Amanda Woodward, walieleza uchunguzi wao kwa watoto wa miezi 14. Watoto walitazama watu wawili: mmoja anafungua sanduku, mwenzake anatoa kitu cha kuchezea. Baadaye yule mfunguaji alipochukua kitu kingine, watoto walikaza macho muda mrefu, kama wanaoshangaa. Walikuwa wameelewa kwamba wote wawili walitaka kitu kile kile, ingawa mmoja hakukigusa.

Mwaka 2013 uchunguzi mwingine uliendelea kwa watoto wa miezi 10. Waliopata kwanza nafasi ya kushirikiana na mtu mzima katika kazi kama hiyo ndio walioelewa. Waliotazama tu hawakufika hapo. Ndivyo Mungu alivyotuumba: ushirikiano huingia moyoni kwa kushiriki.

Sasa tujiulize, watoto wetu wanaona nini hapa kambini? Sisi tumetoka vijiji mbalimbali na makabila mbalimbali. Wengine kati yetu walikimbia watu wa kabila la jirani wa leo. Vidonda hivyo ni vya kweli, na Mungu anavijua. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa hakuikimbia vita ile. Yeye aliye mgongoni mwa mama anaona pale bombani kama wakina mama wawili wanainua dumu pamoja, au kama kila mmoja anampa mwenzake mgongo. Kabla hajajua kusema jina la kabila lake, ameanza kujua nani anafanya kazi na nani. Tukimwambia, "Usicheze na wale," tunampa mzigo ambao hakuzaliwa nao.

Kwa hiyo, wapendwa, juma hili kila jamaa itafute jirani wa kabila lingine, wafanye naye kazi moja: kufyatua matofali, kuezeka nyumba ya mjane, au kupalilia bustani. Watoto wasifukuzwe. Mdogo ashikishwe hata kijiti kimoja cha kuni.

Hatujui tutarudi nyumbani lini. Lakini watakaojenga huko ndio hawa tunaowabeba leo. Wajifunze kwetu kushika upande wao.

Bwana atupe moyo mmoja. Amina.