Mkate wa Wagibeoni kwenye Simu Yako

Andiko la wiki: Yoshua 9:3-21



Jumatatu moja mwezi uliopita, mama mmoja wa kanisa letu alikuja ofisini, akaketi, akaniwekea simu yake mezani. "Pasta, hebu soma." Ameniruhusu niwaeleze bila kutaja jina lake.

Ujumbe ulisema amepokea shilingi 4,200 kutoka kwa mtu asiyemjua. Dakika mbili baadaye kijana akampigia, analia, eti hiyo ni pesa ya hospitali na imeenda kwa namba isiyofaa. Mama akafanya kile tumemfundisha hapa miaka yote: kisicho chako, rudisha. Akarudisha. Kumbe zile 4,200 hazikuwa zimeingia kabisa. Alituma pesa yake mwenyewe, na hata haikutosha. Alikuwa na 3,100 za chama, hizo nyingine zikatoka Fuliza. Yaani alikopa ili awe mwaminifu kwa mwizi.

Halafu akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Pasta, mimi sikuwa na tamaa. Nilikuwa natenda haki. Sasa Mungu alikuwa wapi?"

Sisi wahubiri tumezoea kusema anayetapeliwa aliponzwa na tamaa. Ni kweli kwa yule aliyeahidiwa kwamba 10,000 itazaa 50,000 kwa wiki moja. Lakini Mama hakutaka cha mtu. Mkora hakuingia kwa mlango wa tamaa, aliingia kwa mlango wa wema. Je, basi wema ni udhaifu? Je, Mkristo afunge moyo ndio alinde mfuko?

Turudi kwa Yoshua. Wagibeoni walikuwa majirani wa karibu, lakini waliposikia yaliyopata Yeriko na Ai, wakaogopa. Wakavaa nguo kuukuu na viatu vilivyotiwa viraka, wakabeba mkate mkavu ulioota ukungu, wakasema wametoka nchi ya mbali. Wazee wa Israeli wakaangalia ule mkate, wakaridhika, wakaapa kufanya nao agano. Mstari wa 14 unaeleza kosa lao: hawakumuuliza Bwana. Baada ya siku tatu ukweli ukajulikana.

Tazama vizuri. Ule mkate ulikuwa na ukungu kweli. Shida ni kwamba ushahidi wote ulitoka kwenye mfuko wa yule yule aliyekuwa anaomba kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mama. Ujumbe ulitoka kwa mkora, kilio kilitoka kwa mkora, habari ya hospitali ilitoka kwa mkora. Kitu kimoja tu hakikutoka kwake: simu ilipomwambia Mama kwamba salio halitoshi na kumuuliza kama atumie Fuliza. Mtu aliyepokea 4,200 sasa hivi anakosaje 4,200? Mama aliona, hata akauliza. Kijana akamjibu, "Mitambo inachelewa, Mama, fanya haraka tafadhali, mtoto anazidiwa." Ile haraka ndiyo ilimfunga macho.

Nikalihubiri somo hili kwa vijana Jumapili iliyofuata, tena kwa moto sana. Sasa nisikizeni, kwa sababu sehemu hii inanihusu mimi.

Jumamosi baada ya hapo nilipigiwa simu. "Samahani ndugu, nimekutumia 1,500 kimakosa." Nilicheka. Nikamwambia, "Leo umepata mchungaji, kijana. Okoka." Nikakata, nikablock namba, na nikaenda kumsimulia mke wangu kwa furaha vile nimemweza. Jioni nikiwa dukani nikilipia maziwa, nikaona salio limezidi. Nikarudi kwenye meseji. Ilikuwa pale, kutoka MPESA kabisa, shilingi 1,500, tangu asubuhi.

Nilimpigia nikiwa nimesimama nje ya duka. Ni fundi wa mjengo. Alikuwa anamtumia mkewe pesa ya unga na ya dawa, akakosea tarakimu moja. Sikusikia hasira kwenye sauti yake, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Aliniambia, "Hata sikushangaa, Pasta. Wewe ni wa kwanza kunipigia tena." Nyumba moja ilikaa siku nzima bila unga kwa sababu mimi nilikuwa mwerevu.

Ndipo nikaelewa kwamba mimi na Mama tulifanya kosa moja. Yeye aliiamini sauti, mimi nikaikataa sauti, na hakuna kati yetu aliyeangalia salio. Kuamini bila kuangalia si upendo, na kushuku bila kuangalia si hekima. Yesu alipowatuma wanafunzi wake katika Mathayo 10:16 alitaka busara ya nyoka na upole wa njiwa vikae ndani ya mtu mmoja. Mama alikuwa njiwa bila nyoka. Mimi nilikuwa nyoka mtupu.

Nilisomea biashara chuo kikuu, na huko tulifundishwa kwamba uaminifu ni mtaji kama mtaji mwingine. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 nilikuwa shule ya upili. Kabla ya hapo mama yangu alikuwa anampa dereva wa basi karo ndani ya bahasha, na ilifika. Mkora anapoiba 4,200, anaiba pia sehemu ya mtaji huo. Hasara ya kweli inakuja siku ile fundi anaomba haki yake na kanisa zima linamkatia simu.

Kwa hiyo, wapendwa, tupende kwa kuangalia. Ukiambiwa pesa imeingia, usiangalie meseji peke yake, angalia salio lako wewe mwenyewe kwa *334#. Ujumbe wa kweli huandikwa umetoka MPESA, si kutoka namba ya mtu. Kama haikuingia, huna deni na mtu, na namba hiyo iripoti kwa 333. Kama imeingia kweli, usiitumie, na pia usiitume kwa namba utakayotajiwa, kwa sababu kuna wakora wanaosubiri uitume halafu waombe ile ya kwanza irudishwe, ulipe mara mbili. Mwambie aliyekosea apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, pesa irudi kwa barabara ile ile iliyokuja nayo. Ndivyo tulivyofanya na yule fundi. Nambari ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita nani. Safaricom wakikupigia ni kwa 0722 000 000 pekee. Na ukipata ujumbe wenye jina la mchungaji ukiomba mbegu au sadaka kwa namba ngeni, nipigie kwanza. Sitakasirika.

Kuomba dakika tano za kuhakikisha si kumkosea mtu. Mwenye shida ya kweli atavumilia dakika tano. Anayekukataza kuangalia amekwisha jieleza.

Rudi mara ya mwisho kwa Yoshua. Israeli walipogundua wamedanganywa, watu walinung'unika. Lakini wazee walikataa kuvunja kiapo. Wagibeoni waliishi, wakapewa kazi ya kukata kuni na kuteka maji. Uongo wao haukufichwa, wala haukuwafanya Israeli nao wawe waongo.

Hilo ndilo nililomjibu Mama. Biblia haikuahidi kwamba mwenye haki hataibiwa. Wema wake Mungu aliuona, hata kama uliangukia mikono mibaya. Nikamwambia, "Mkora amechukua 4,200, Mama. Usimpe na moyo wako juu yake." Akina mama wa ushirika wake walichanga, deni la Fuliza likalipwa. Na juzi aliniambia amepigiwa tena, na mtu mwingine. Safari hii alisema, "Ngoja niangalie, mwanangu." Akaangalia. Hakukuwa na kitu. Akamwambia kijana atamwombea, akakata.

Tuombe: Bwana, utupe moyo laini na macho wazi. Utusamehe sisi tuliowafungia wenye shida kwa kuogopa wezi. Na yule kijana aliyelia uongo kwenye simu, umfikie kabla hajazeeka katika kazi hiyo. Amina.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani: Je, kuna mtu ulimwita mkora bila kuangalia? Utampigia lini?