Shahidi ni Wewe, Si Mashine

Mwezi Juni 2023 hakimu mmoja wa New York, Marekani, aliwatoza mawakili wawili pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000. Walikuwa wamepeleka mahakamani hukumu za kesi ambazo hazikuwako kamwe, zilizotungwa na ChatGPT, programu ya akili bandia. Tena programu hiyo ilipoulizwa kama kesi mojawapo ni ya kweli, ikajibu: Ndiyo!

Je, chombo hiki ni haramu kwa mwanafunzi? La, hasha! Hata hakimu yule hakulaumu kukitumia. Alilaumu kutohakikisha, na kuushikilia uwongo baada ya kutiliwa shaka.

Fahamu kwamba mashine hii hupanga maneno kwa kufuata yanayoelekea kufuatana katika maandishi mengi iliyofundishwa. Kwa hiyo huweza kusema uwongo kwa ufasaha ule ule wa kweli. Haina haya, wala haitaulizwa Siku ya Kiyama. Atakayeulizwa ni wewe uliyetia jina lako.

Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakupokea Hadithi kwa uzuri wa maneno tu. Alichunguza nani kasimulia, naye kasikia kwa nani. Nawe fanya vivyo hivyo. Ikikutajia kitabu, kitafute ukisome. Ikikupigia hesabu, irudie kwa mkono wako. Ikikueleza somo, funika jibu, kisha jieleze mwenyewe. Usiloweza kulithibitisha, usilitolee ushahidi.

Mwenyezi Mungu atujalie elimu yenye manufaa na ulimi mkweli. Amin.