Aliyenunua Cherehani kwa Nusu ya Bei

Safari hii tunapenda tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo bado linaleta maneno kati ya majirani: je, mtu aliyepata faida wakati wa Korona ana deni kwa yule aliyepoteza?

Tukumbuke ilivyokuwa. Machi 2020 mpaka wa Gatumba ulifungwa, watu wasipite. Malori ya mizigo yaliruhusiwa. Amri ilikuwa moja kwa wote, tena ilikuwa na sababu, maana ugonjwa ulikuwa unaua. Lakini mwenye lori alifikisha mali yake Uvira, na mama mwenye beseni la nyanya kichwani akarudishwa. Mwezi uliofuata Rusizi ikafurika, ikaingia nyumbani na mashambani hapa Gatumba, na maelfu wakahama. Januari 2021 mpaka ukafungwa tena. Na ulipofunguliwa mwaka ule ule, kuvuka kulidai kipimo cha kulipia. Kwa mwenye duka kubwa, pesa hiyo ni ya chai. Kwa mwenye beseni, ni mtaji.

Hapo pengo likapanuka, hata kati yetu sisi ambao wengi tulifika mikono mitupu. Mwenye akiba kidogo alinunua. Asiye na akiba aliuza: kitenge, baiskeli, mbuzi, cherehani. Na si kila tauni hufanya hivyo. Ile iliyoingia Ulaya mwaka 1347 iliua vibarua wengi mno, hata waliobaki wakalipwa zaidi. Korona haikupunguza mikono ya kazi namna hiyo. Ilifunga njia, na mchuuzi wa mpakani hana shamba lingine ila njia.

Sasa tuseme jirani alinunua cherehani kwa nusu ya bei. Hakuiba, wala hakudanganya. Bila pesa yake watoto wa muuzaji wangelala njaa, na wapo wanaosema kwamba alitenda wema. Sisi tunaona wamesema nusu tu ya kweli. Muuzaji alikubali ile bei, ndiyo, lakini alikubali kama mtu anayezama anavyokubali bei ya mtumbwi.

Nehemia sura ya 5 inaeleza habari za watu walioweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Nehemia hakuuliza kama mapatano yalikuwa halali. Aliwaambia wakopeshaji warudishe, siku ile ile. Naye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokopesha.

Hatusemi kila cherehani irudishwe bure. Aliyenunua naye ana watoto. Lakini anaweza kumwambia mwenzake: nirudishie kiasi kile kile nilichokupa, hata kidogo kidogo, uichukue. Ama amwache aje ashone siku mbili kwa juma bila kulipa kitu. Wengine watasema miaka imepita. Lakini cherehani bado inashona, na wale wawili bado wanachota maji mahali pamoja.