Korongo Halina Mwenyewe



Mtu atembeaye kwa miguu katika nyika yetu ya Dodoma huona mengi asiyoyaona apitaye kwa gari. Huona mibuyu ikisimama mitupu wakati wote wa kiangazi, na vichaka vya miiba vikichipua mara tu mvua za kwanza zinaponyesha. Huona pia jinsi njia inavyozaliwa. Hakuna aliyeipima wala kuichora. Mmoja alikatiza kwenda kisimani, mwingine akafuata, ng'ombe wakafuata, na nyasi zikaacha kuota pale.

Mvua yetu ni haba, kama milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Nayo huja kwa kishindo. Maji yakikuta njia iliyonyooka kushuka mteremko, huigeuza mfereji. Miaka ikipita, mfereji huwa korongo, na watu huhamia pembeni kuanza njia nyingine.

Je, ni nani aliyelichimba korongo hilo? Ukiwauliza watu wa kijiji mmoja mmoja, kila mmoja atajibu kwa haki kwamba si yeye. Hatua moja haichimbi kitu. Mbuzi mmoja hamalizi majani ya mlima. Hata hivyo korongo lipo, na shamba la mtu limekatwa vipande viwili.

Tunao mfano mkubwa karibu nasi. Katika milima ya Irangi, wilaya ya Kondoa, ardhi ilimomonyoka vibaya sana. Sababu zilikuwa nyingi: kilimo cha miteremkoni, mifugo mingi, ukataji wa kuni, na hata vichaka vilivyofyekwa wakati wa ukoloni ili kufukuza mbung'o. Karibu kila jambo lilifanywa kwa nia njema. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Matuta yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini mifugo iliendelea kula na kukanyaga. Basi mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,250. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda kwa makumi ya maelfu walitolewa.

Ardhi ilipona. Nyasi zilirudi, miombo ikachipua, makorongo mengi yakaanza kufunikwa na majani. Lakini tusiseme habari hiyo nusu. Wapo waliokosa maziwa ya watoto, samadi ya shamba na maksai wa kulima. Wapo waliopeleka mifugo yao mbali kwa jamaa, na mzigo ukahamia ardhi ya wengine. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ng'ombe wa maziwa wa kufugwa zizini walipoanza kuruhusiwa.

Hapa pana jambo la kufikiri. Twazoea kudhani kwamba pasipo na mkosaji hapana deni. Sivyo. Lawama na deni ni vitu viwili. Lawama humtafuta aliyetenda vibaya; deni humfuata yeyote aliyefaidika. Sisi sote tuliopita njia ile tulifika kisimani upesi zaidi, kwa hiyo sote tunadaiwa, ingawa hakuna hata mmoja wetu wa kushtakiwa.

Tena deni hilo halilingani. Mwenye ng'ombe mia mbili hakukanyaga sawa na mjane mwenye mbuzi wawili. Amri inayomtoza kila mtu sawasawa yaweza kuonekana ya haki, kumbe humwacha mmoja akiwa bado tajiri na mwingine hana kitu. Torati nayo iliagiza ardhi ipumzike mwaka wa saba, lakini iliagiza pia kwamba yaliyoota yenyewe yawe chakula cha maskini. Kupumzisha ardhi na kumkumbuka mnyonge viliwekwa pamoja. Nadhani hilo ndilo lililopungua Kondoa. Kuponya ardhi kulikuwa wajibu. Kumwachia mtu mmoja gharama ya uponyaji wa wote haikuwa lazima.

Siku hizi mkoani kwetu wakulima wengi wanaacha visiki hai vichipue mashambani, wakichagua machipukizi machache yenye nguvu na kuyapogolea. Ni kazi ndogo, na haimnyang'anyi mtu ng'ombe wake. Apitaye njia naye ana sehemu yake: kuzunguka mlima badala ya kushuka moja kwa moja, kutokatiza katika shamba lililooteshwa nyasi, kuweka mawe na matawi mahali mfereji unapoanza.

Mtu atasema, hatua yangu moja itasaidia nini? Ni kweli, haitaziba korongo. Lakini korongo lenyewe lilitokana na hatua za namna hiyohiyo, na aliyekubali kuhesabiwa miongoni mwa wapitaji hana budi kukubali kuhesabiwa miongoni mwa wazibaji.