Upendo wa Zamu, ni Upendo Kweli?



Kabla hatujaenda mbali, fungua Biblia yako usome Mdo 6:1-7 na Lk 14:12-14. Ni masomo mafupi na tutayahitaji huko mbele.

Swali letu la leo ni lile ambalo vijana huulizana pembeni wakiwaona akina mama wa WAWATA wamebaki kanisani baada ya Misa. Akina mama hawa wana ratiba. Katibu anasoma: Jumatatu kwa mgonjwa wetu wanakwenda wawili hawa, Jumatano wawili wale, Jumamosi usafi wa kanisa ni zamu ya jumuiya fulani. Kuna mwenyekiti, kuna mtunza hazina, kuna daftari la mahudhurio, na mahali pengine kuna hata faini kwa anayekosa bila taarifa. Kijana anatazama, anasema: "Sasa huo ni upendo au ni kazi isiyo na mshahara? Mtu anakwenda kumwona mgonjwa kwa sababu jina lake limesomwa! Upendo si unatoka moyoni?"

Tusilidharau swali hilo. Ukilichimba utakuta ni swali la kimaadili ambalo watu wenye akili kubwa wamelihangaikia: tendo jema ninalolifanya kwa sababu leo ni zamu yangu, wala sijisikii kabisa, lina thamani gani mbele ya Mungu?

Mti mkubwa, mizizi midogo

WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, ilianzishwa mwaka 1972, na mwaka 2022 ikaadhimisha miaka 50. Kwa jirani zetu Kenya kuna CWA. Na dunia nzima kuna umoja wa mashirika ya wanawake Wakatoliki, WUCWO, ulioanza mwaka 1910. Kwa hiyo yule mama wa sare unayepishana naye mlangoni mwa kanisa ni tawi la mti mkubwa sana.

Lakini mti huo unaishi kwa mizizi yake midogo, kule kwenye jumuiya ndogondogo ambako watu wanajuana kwa majina. Mkutano wa taifa hauwezi kujua kwamba mzee wa nyumba ya tatu hajaoga tangu juzi. Jirani yake anajua. Ndiyo maana huduma yenyewe inafanyika chini kabisa: kufua mashuka ya mgonjwa, kukoroga uji, kuchota maji, kumsindikiza mtu zahanati, kukesha na mfiwa. Kazi hizi hazitoi picha nzuri ya kuposti. Na zina tabia moja ngumu: ukizifanya leo, kesho zinakusubiri tena. Mgonjwa aliyekunywa uji Jumatatu atasikia njaa Jumanne.

Jumapili moja huko Châtillon

Mwezi Agosti mwaka 1617, Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alikuwa paroko katika mji mdogo wa Châtillon, Ufaransa. Jumapili moja akijiandaa kwa Misa aliletewa habari kwamba nje ya mji kuna familia ambayo wote wameugua, hakuna hata mmoja wa kumsaidia mwenzake. Akalisema jambo hilo kwenye mahubiri. Alasiri alipotoka kwenda kuwaona, alikuta njia imejaa wanawake. Wengine wanakwenda na vyakula, wengine wanarudi, wengine wamekaa pembeni ya njia wanapumzika kwa sababu ya joto.

Mapadre wengi wangefurahi na kurudi nyumbani wakiimba. Vinsenti naye alifurahi, ila aliona na tatizo. Chakula chote kile kwa siku moja kingeharibika, na baada ya siku chache familia ile ingerudi kwenye njaa yake. Upendo ulikuwepo, tena mwingi, lakini haukuwa umepangwa. Tarehe 23 Agosti akawakusanya wanawake kadhaa, wakakubaliana kuwahudumia wagonjwa maskini wa mji kwa kupokezana, kila mmoja na siku yake. Kabla mwaka haujaisha wakawa na kanuni yao ya maandishi, na viongozi, na mtunza hazina. Unaona? Daftari la WAWATA lina babu yake.

Ndani ya kanuni ile kuna agizo dogo linalonigusa sana. Mwanamke mwenye zamu anaelekezwa awasalimu wagonjwa kwa uchangamfu, aanze na wale walio na mtu wa kukaa nao, na amalizie na wale walio peke yao, ili hao apate kukaa nao muda mrefu zaidi. Hebu fikiria. Hiyo ni kanuni, imeandikwa kama kanuni nyingine, lakini aliyeiandika alishamwona mgonjwa mpweke na akajua anachokihitaji.

Na Vinsenti hakubuni jambo geni. Katika Mdo 6 wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwahubiria watu waongeze hisia. Walitaka wachaguliwe watu saba, wakawaweka rasmi kwenye kazi hiyo. Kanisa lilikuwa bado changa kabisa, na tayari lilijua kwamba pasipo mpango, anayesahauliwa ni yule asiye na mtu wa kumsemea.

Moyo ukikataa, je?

Turudi kwa mama wetu wa Jumatano. Amelala vibaya, mtoto anakohoa, mvua inanyesha. Hajisikii hata kidogo. Lakini ni zamu yake, anafunga kanga, anakwenda. Je, amependa?

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alimfikiria mtu anayewasaidia wengine kwa sababu kusaidia kunampa raha. Kant akasema tendo lake ni zuri na linastahili sifa, ila thamani halisi ya kimaadili bado hatujaiona. Tutaiona siku mtu huyo akiwa amezongwa na huzuni zake mwenyewe, hana huruma yoyote inayomsukuma, halafu akainuka akasaidia kwa sababu tu ni wajibu. Kwa Kant, mama wetu wa Jumatano angepata alama zote.

Mimi nakubaliana naye nusu. Tukiishia kwa Kant tunaweza kudhani kwamba kadiri unavyochukia unachofanya ndivyo ulivyo mtakatifu zaidi, na hapo tutawajaza wagonjwa wetu wahudumu wenye nyuso za kununa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anatufundisha vizuri zaidi: kupenda ni kumtakia mtu mema. Hapo upendo umekaa kwenye utashi. Hisia ni mgeni mzuri, akija tunamkaribisha, ila nyumba si yake. Tena Thoma anafundisha kwamba fadhila hukua kwa kutenda, na mwenye fadhila iliyokomaa hufikia hatua ya kutenda mema kwa furaha. Mama aliyekwenda Jumatano mia moja hayuko pale alipoanzia. Miguu ilitangulia, moyo ukafuata. Yesu mwenyewe alitoa mfano wa wana wawili (Mt 21:28-31): mmoja alikataa kisha akaenda shambani, mwingine akaitikia vizuri sana na hakwenda. Unajua ni nani aliyefanya mapenzi ya baba yake.

"Lakini faini je? Kujitolea gani huko kwa kutozwa?" Fikiria hivi. Mama yule hakulazimishwa kujiunga. Aliingia kwa hiari, akaahidi. Ahadi uliyoitoa kwa hiari ikikubana siku usiyojisikia, hiari yako haijafa, inafanya kazi yake. Baba anayerudi nyumbani kila jioni kwa sababu aliweka ahadi altareni, nani atasema hampendi mkewe?

Kwa hiyo zamu haiuui upendo. Zamu ni upendo uliokubali kwamba mgonjwa ana njaa hata siku ambazo mimi sina hisia.

Daftari linauliza nini?

Hata hivyo tusiwe watu wa kusifia tu. Kuna kitu kinachoweza kuua upendo ndani ya chama chochote cha huduma, na sisi vijana tukijue mapema maana kwenye vikundi vyetu kipo pia.

Katika vikundi vingi kuna madaftari mawili, hata kama yameshonwa pamoja. Daftari la kwanza linauliza: nani anaumwa, nani hana mtu, nani leo ni zamu yake? Daftari la pili linauliza: nani amechanga, nani anadaiwa, nani ana sare? Yote mawili yanahitajika. Bila michango hakuna sukari ya uji. Shida inaanza siku daftari la pili linapopewa mamlaka ya kujibu maswali ya la kwanza. Hapo ndipo unaposikia maneno mazito kwenye msiba: "Huyu hakuwa anachanga, sisi hatuhusiki."

Kuzikana na kusaidiana kwa wanachama ni jambo jema, wazee wetu wametulea nalo. Ila tuite kila kitu kwa jina lake. Kukupa wewe uliyenipa, au utakayenipa kesho, ni haki na ujirani mwema. Huduma ya Kikristo inaanza hatua moja mbele. Katika Lk 14 Bwana anasema ukifanya karamu uwaalike maskini na vilema na vipofu, kwa sababu hao hawana cha kukulipa. Wale wagonjwa wa Châtillon hawakuwa wanachama wa kitu chochote. Walikuwa wagonjwa na maskini, basi, na hiyo ilitosha kuwaingiza kwenye ratiba. Mara nyingi anayeshindwa kuchanga ndiye yule yule anayetakiwa kusaidiwa. Tukimfuta jina kwa sababu hakuchanga, tumemfukuza mwenye karamu.

Hatari ya pili ni kutuma badala ya kwenda. Shirika la Vinsenti lilipofika Paris, wanawake wa koo kubwa walijiunga, lakini baadhi yao wakaanza kuwatuma watumishi wao wapeleke chakula. Mgonjwa anapata supu, lakini hapati mtu. Dawa ilikuja kupitia wasichana wa vijijini. Wa kwanza wao, Marguerite Naseau, alikuwa mchunga ng'ombe aliyejifundisha kusoma mwenyewe. Alijitolea kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yake, akafa mwaka 1633 baada ya kumlaza kitandani mwake mwanamke mwenye tauni. Mwishoni mwa mwaka huo huo Mtakatifu Luisa wa Marillac akawakusanya wasichana wa namna hiyo nyumbani kwake, ndiyo ukawa mwanzo wa Mabinti wa Upendo.

Siku hizi hatuna watumishi wa kutuma, tuna simu. Unatuma elfu tano kwenye grupu, unaweka na vidole vya kusali, kazi imeisha. Hela ile si mbaya, itanunua sabuni. Lakini sabuni haijui kumwosha mtu.

Na sisi vijana?

Vijana wa parokia tunapenda "matendo ya huruma" ya siku moja. Tunakodi basi, tunakwenda kituo cha watoto yatima karibu na Noeli, tunagawa biskuti, tunapiga picha, tunarudi. Ni jambo zuri, kama ile njia iliyojaa watu Jumapili ile. Swali la Vinsenti bado linatusubiri: Jumanne nani anakwenda?

Halafu tazama vizuri ile ratiba ya akina mama. Mara nyingi majina ni yale yale, na wengi wao wana nyumba, wana biashara sokoni, wana wajukuu wa kulea. Wakizeeka hao, na wewe unacheka sare yao, yule mzee wa nyumba ya tatu atafanyaje?

Wiki hii fanya jambo moja. Mwendee mwenyekiti wa jumuiya yenu, au mama yeyote wa WAWATA, umwamkie, umwulize: "Mama, kuna mgonjwa ambaye bado ana siku isiyo na mtu?" Ukitajiwa siku, ichukue. Moja tu kwa wiki, lakini iwe yako. Kama ni kuchota maji, chota. Kama ni kumsomea Injili ya siku, soma. Na siku ile ambayo hutajisikia kabisa kwenda, nenda hivyo hivyo. Ukiwa na wagonjwa wawili, malizia kwa yule asiye na mtu, ukae naye.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyehudumiwa na wanawake waliokufuata toka Galilaya, wabariki mama zetu wanaotuhudumia kila siku bila kutajwa. Tupe moyo unaokumbuka, na moyo ukisahau, utupe miguu inayokwenda. Amina.

Mtakatifu Vinsenti wa Paulo na Mtakatifu Luisa, mtuombee.