Subaru na Barabara ya Kwetu

Usiku wa kwanza sikulala. Saa saba nilishuka ngazi na sapatu kuangalia kama gari yangu bado iko. Ilikuwako. Saa tisa nikashuka tena. Mlinzi wa ploti akaniuliza, "Sasa kijana, wewe unalinda nini na mimi niko?" Tukacheka, lakini sikupanda juu mara moja.

Gari yenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka wa 2002, rangi ya buluu, mikono kadhaa kabla yangu. Najua mnavyosema kuhusu watu wa Subaru: kelele nyingi, mbio nyingi, mfuko mtupu. Sitabisha. Naitaka gari hii tangu darasa la tano. Kwetu, upande wa Molo, kulikuwa na mnunuzi wa viazi aliyekuwa na Impreza ya zamani kuliko hii yangu. Tulikuwa tunaisikia kabla ya kuiona. Pistoni za injini yake zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, na mngurumo wake unakatika-katika kama moyo wa mtu aliyetoka kukimbia. Alipita kwenye matope na mashimo bila kupunguza mwendo, gunia la viazi limekaa kiti cha nyuma kama abiria, na akikuta mama mja mzito au mzee njiani, anasimama, gunia linasogezwa.

Wakubwa walituambia kwamba gari ya ukoo huo ndiyo Colin McRae alishinda nayo Safari Rally ya 1997, katika barabara mbaya kama zetu. Hapo nikakwisha. Hiyo ilikuwa gari isiyoogopa barabara.

Niliipata baada ya miaka mitano ya kujinyima na mkopo wa chama. Na sitadanganya, raha ipo. Thika Road saa kumi na moja alfajiri, njia nyeupe, turbo inaamka na mgongo unabanwa kwenye kiti: nilipiga kelele peke yangu kama mtoto. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kinyemi changu kilidumu kama wiki tatu. Kidonda ndicho kilichobaki.

Kwanza, ukiwa ndani huioni. Mtoto aliye kando ya barabara ndiye anayeona Subaru ya buluu. Mimi naona mshale wa mafuta ukishuka. Halafu nikaanza kuchagua marafiki kwa maegesho yao. Huyu kwake kuna geti, tutaonana. Yule anakaa mahali watoto wanacheza mpira, nitampigia simu. Kila sauti mpya chini ya boneti ilikuwa habari ya msiba.

Kabla sijaacha chuo nilisoma kipande cha Symposium ya Plato, na kuna hoja moja hapo iliyokataa kunitoka. Socrates anasema mtu hutamani kile asichokuwa nacho. Lakini vipi mwenye afya anayesema anatamani afya? Jibu lake ni kwamba huyo anachotamani ni kuendelea kuwa nayo kesho. Wakati ule niliona ni mchezo wa maneno. Sasa nashuka ngazi saa tisa usiku, na namwelewa. Tamaa yangu haikuisha siku niliyokabidhiwa funguo. Ilihama tu kutoka kwa gari ikaenda kwa kesho, na kesho haina mtu anayeweza kuifungia geti. Kwa hivyo ikawa hofu.

Ningeweza kuishi na hofu kama ingekula mimi peke yangu. Lakini hofu ya mali huomba kafara, na haichagui.

Mwezi wa pili mamangu alipiga simu. "Baba, Jumanne ni siku yangu ya macho kule Nakuru. Si sasa una gari? Utanichukua?" Kutoka lami hadi kwake ni kilomita sita za murram, na mvua ilikuwa imenyesha. Mwenye gari kabla yangu aliishusha ikae chini kabisa, kwa shepu. Nikapiga hesabu ya bampa, nikapiga hesabu ya bomba la moshi. Nikamwambia gari iko kwa fundi.

Ilikuwa chini ya dirisha langu, imeoshwa.

"Pole sana, baba," akasema. "Hata ng'ombe huugua." Dakika kumi baadaye M-Pesa ikalia. Shilingi mia tano. Akanitumia na ujumbe: ya kusaidia fundi.

Jumanne alipanda boda hadi steji, halafu matatu hadi Nakuru, na macho yake yale.

Marafiki niliowaambia wananiambia niuze. Wanaona shida ni gari. Mimi sidhani. Yule mnunuzi wa viazi alikuwa na gari ile ile, na sijawahi kumwona akiipangusa vumbi. Yeye aliitumia, nami naitumikia. Nikiiuza nitapata pesa, na nitaanza kushuka ngazi kuangalia pesa.

Wiki iliyopita niliipeleka gereji kweli. Nilimwambia fundi arudishe springi za kawaida, iinuke. Akaniangalia kama mtu anayetaka kunyoa mbuzi. "Buda, itakosa shepu." Nikamwambia iinue tu. Nikamlipa, na ile mia tano ya mama ikiwa ndani.

Siku yake nyingine ya macho ni tarehe 14. Nimemwambia nitakuja hadi mlangoni. Aliniuliza kama imepona, nikasema inaendelea vizuri. Molo kunanyesha tangu Ijumaa. Bado naogopa.