Mwalimu, Mwili na Imani

Ndugu mwenye maradhi ya mgongo ameshauriwa na tabibu afanye yoga, naye atuuliza: je, imani yangu i salama?

Twajibu: mtazame mwalimu kwanza. Krishnamacharya wa Bara Hindi (1888–1989), aliyesomesha katika kasri ya Mysore, alikuwa mcha Vishnu. Kwake yoga haikutengana na ibada. Mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar alitoa kitabu chenye picha za mikao mwaka 1966, kikaenea Ulaya na Marekani. Huko wengi walichukua mikao na kuvuta pumzi, wakaiacha itikadi. Wengine walivichukua vyote pasi na kujua.

Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliharamisha yoga ichanganyayo mikao, ibada na matamko. Nasi twaona kunyoosha mgongo si shirki. Kumwomba asiyekuwa Mwenyezi Mungu ndiko shirki.

Basi ndugu, kabla ya kuketi mbele ya mwalimu, uliza: nitatamka nini, na kwa jina la nani? Aharamishaye bila ya kuuliza na afuataye bila ya kuuliza, wote ni watu wa taqlidi. Wallahu aalam.